Mpaka wa Usomaji: Uhakiki wa Mabadiliko ya Mwenzi Kabla ya Kuyaunganisha

Neno uhakiki lina kazi mbili katika Kiswahili cha leo. Wanafasihi hulitumia kwa maana ya kuipima kazi ya sanaa na kuitolea hukumu. Watu wa ofisi hulitumia kwa maana ya kuthibitisha kwamba cheti, hesabu au orodha ya majina ni ya kweli. Asili ya neno ni moja na ile ya haki na hakika, lakini maana hizi mbili zimekaa mbalimbali kwa muda mrefu, hata mwenye moja hamtambui mwenye nyingine. Katika makala haya nakusudia kuitazama kazi moja ambamo zimekutana tena: kazi ya kuyasoma mabadiliko ambayo mwenzi ameyafanya katika maandishi ya pamoja, kabla hayajaunganishwa na maandishi yenyewe. Waandishi wa programu za kompyuta huifanya kazi hii kila siku. Ni usomaji, na kila usomaji una kanuni zake na upofu wake. Kwa hiyo yafaa upimwe kama tupimavyo usomaji mwingine wowote.

Wala jambo hili haliko mbali na sisi tunaoshughulika na lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuitafsiri programu ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikatolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Tafsiri za namna hii, pamoja na kamusi, orodha za istilahi na miswada ya tenzi inayotayarishwa kuchapishwa, siku hizi huandikwa katika mafaili yanayopita mikononi mwa watu wengi. Mmoja huongeza, mwingine huondoa, wa tatu hupanga upya. Hapana budi awepo mtu wa kusema, "Badiliko hili liingie," au, "Badiliko hili lirudi kwa mwenyewe." Swali la makala haya ni hili: mtu huyo anaposema "liingie", anathibitisha nini hasa?

Chombo na historia yake

Mwaka 1972 Marc Rochkind, katika maabara za Bell huko Marekani, alitengeneza programu ya kutunza matoleo ya maandishi yanayobadilika. Katika maabara hizo hizo Douglas McIlroy na James Hunt walishughulikia njia ya kulinganisha maandishi mawili na kuonyesha mistari iliyotofautiana. Maelezo ya njia hiyo yalitolewa mwaka 1976. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa programu inayoichukua orodha ya tofauti na kuitia katika maandishi ya zamani, hata yakawa mapya. Hapo ikawa rahisi kwa mtu aliye mbali kupeleka badiliko peke yake bila kupeleka maandishi yote, na mwenye maandishi akalisoma kabla ya kulikubali.

Chombo kinachotumika zaidi leo ni Git. Kiliandikwa na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuanzia Aprili 2005, baada ya waandishi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure programu nyingine waliyokuwa wakiitegemea. Katika Git maandishi hukaa ghalani pamoja na historia yake yote. Mtu atakaye kufanya badiliko hujitengea tawi, akafanya kazi yake humo bila kuwasumbua wenziwe, kisha akaomba tawi lake liunganishwe na shina. Kati ya ombo hilo na kuunganishwa kwenyewe ndipo anapokaa mhakiki.

Jambo moja katika Git lastahili kusifiwa na kila mtu aliyewahi kushika mswada wa kale. Kila badiliko hubeba majina mawili: jina la aliyeliandika na jina la aliyelitia ghalani. Majina haya yaweza kuwa ya mtu mmoja, lakini chombo hakikubali kuyachanganya. Sisi twajua thamani ya kutenganisha mambo hayo. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, naye mwenyewe alikuwa mtunzi. Na kila asomaye hati zilizotoka mkononi mwake lazima ajiulize kama neno lililo mbele yake ni la mtunzi wa kale au ni la mnakili. Git hujibu swali hilo kabla halijaulizwa. Lakini hata jibu hilo halituambii kama aliyelitia badiliko ghalani alilisoma.

Ukurasa wa tofauti

Mhakiki haletewi maandishi mazima. Huletewa ukurasa wa tofauti. Humo mistari iliyoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na iliyoongezwa na alama ya kujumlisha. Kwa desturi programu huonyesha pia mistari mitatu isiyobadilika juu ya badiliko na mitatu chini yake, ili msomaji ajue yuko mahali gani. Huambatana na ukurasa huo maneno machache ya mwandishi, akieleza amefanya nini na kwa sababu gani.

Fadhila ya ukurasa huu ni kubwa. Msomaji halazimiki kuamini maelezo ya mwandishi. Aweza kuyapima kwa macho yake. Mwandishi akisema kwamba amesahihisha tahajia tu, na huku amebadili fasili ya neno, ukurasa utamfichua. Zamani msahihishaji alirudisha mswada mzima, na mwenye mswada akabaki kutafuta mkono wa mwenziwe umepita wapi. Tofauti hii ya leo ni neema.

Hata hivyo fadhila yenyewe ina hatari ndani yake. Dirisha dogo humfanya mtu adhani kwamba chumba kizima ndicho hicho akionacho. Ukurasa huonyesha kwa uaminifu kila kilichobadilika, ilhali hauonyeshi kilichopaswa kubadilika kikaachwa, wala hauonyeshi mahali pengine panapoumizwa na badiliko lile. Mhakiki anayekisoma kilichoonyeshwa tu ameisoma nusu ya jambo. Nitaeleza makosa manne ambayo yanamshinda msomaji wa namna hiyo. Matatu ya kwanza ni ndugu wa makosa ambayo wasomaji wa miswada wameyajua tangu zamani: kurudia mstari, kuruka neno, na kuchomeka kitu kisichokuwamo.

Kurudia

Mnakili aliyechoka huandika mstari mmoja mara mbili. Katika utenzi kosa hili ni jepesi kuonekana, kwa kuwa ubeti huzidi mishororo. Katika maandishi ya programu haliko hivyo. Mwezi wa Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa masahihisho ya programu za simu zake, kwa sababu katika sehemu iliyopaswa kuthibitisha saini ya mtandao anaowasiliana nao mtumiaji, amri moja ilikuwa imeandikwa mara mbili mfululizo. Amri yenyewe ilimaanisha kuruka hadi mwisho wa ukaguzi. Ya kwanza ilitawaliwa na sharti: ruka endapo kuna dosari. Ya pili haikutawaliwa na sharti lolote, hivyo iliruka daima, na hatua ya mwisho ya ukaguzi haikufikiwa kamwe. Kwa kuwa hakuna dosari iliyokuwa imepatikana mpaka hapo, matokeo yalihesabiwa kuwa mema.

Tazama jinsi macho yanavyodanganywa. Mstari wa pili ulikuwa umesogezwa ndani sawasawa na wa kwanza, kana kwamba nao uko chini ya sharti lile lile. Umbo la ukurasa lilisema jambo moja na sarufi ya programu ikasema jingine. Msomaji mzoefu husoma kwa umbo, kama mtu mzima asivyotamka silabi moja moja. Na uzoefu huo ndio unaomponza. Dawa yake ni ile ile waliyoitumia wasomaji wa miswada: kusoma kama mgeni, mstari kwa mstari, na kuuliza kila mmoja una kazi gani.

Kuruka

Kosa la pili ni gumu zaidi, kwa sababu halina umbo. Tarehe 31 Desemba 2011 badiliko moja liliingizwa katika OpenSSL, programu inayotumiwa na seva nyingi kuficha mawasiliano ya siri. Lilikuwa limesomwa na mmoja wa watunzaji wa programu hiyo kabla ya kuingizwa. Lilitolewa kwa watumiaji mwezi Machi 2012, na dosari yake ikatangazwa tarehe 7 Aprili 2014, kwa jina la Heartbleed. Kwa zaidi ya miaka miwili mlango ulikuwa wazi.

Dosari ilikuwa hivi. Mashine moja humpelekea nyingine neno fulani na kusema, "Neno hili lina herufi kadha wa kadha, nirudishie." Mashine ya pili ilipaswa kulihesabu neno lenyewe kabla ya kurudisha. Haikuhesabu. Iliamini idadi iliyotajwa. Na mjanja akipeleka neno fupi huku akitaja idadi kubwa, alirudishiwa neno lake pamoja na mambo mengine yaliyokuwa jirani yake katika kumbukumbu ya mashine, hata siri za watu.

Katika ukurasa wa tofauti wa badiliko lile kila mstari uliokuwamo ulifanya kazi iliyokusudiwa. Kilichokosekana ni mstari ambao haukuandikwa, nao mstari usioandikwa hauwekewi alama. Hapa ndipo mhakiki anapotofautiana na msahihishaji wa chapa. Msahihishaji huuliza, "Kilichoandikwa ni sahihi?" Mhakiki anatakiwa aulize pia, "Kitu gani kingekuwapo hapa lau mwandishi angemfikiria mtu mwenye nia mbaya?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kuutazama ukurasa. Latakiwa kujibiwa kwa maarifa ambayo msomaji amekuja nayo mwenyewe.

Kuchomeka

Kosa la tatu si kosa la uchovu, ni hila. Mwezi wa Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo mawili ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, yalikuwa yamefichwa njia ya kuwaingiza watu wasioruhusiwa. Mtu aliyefanya hila hiyo alikuwa ameshiriki katika kazi ile kwa zaidi ya miaka miwili, akileta mabadiliko yenye manufaa, mpaka akaaminiwa na kupewa madaraka ya mtunzaji. Mgunduzi, Andres Freund, hakuigundua hila kwa kusoma mabadiliko. Aliona kwamba kuingia katika mashine yake kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya desturi, akafuata sababu yake mpaka akaifikia, na tarehe 29 Machi akawatangazia watu.

Yafaa tuangalie hila ile ilikaa wapi. Sehemu yake iliwekwa ghalani ndani ya mafaili yaliyosemwa kuwa ni ya majaribio, ambayo si maandishi yanayosomeka kwa macho. Sehemu nyingine, iliyokuwa ufunguo wa kuiamsha ile ya kwanza, haikuwamo ghalani hata kidogo. Ilitiwa katika furushi lililotayarishwa kwa ajili ya watumiaji. Hata msomaji mwangalifu kuliko wote, lau angesoma kila ukurasa wa tofauti, asingeuona ufunguo huo, kwa sababu alichokisoma sicho kilichotolewa. Sisi tunaotayarisha vitabu twaijua hali hii katika umbo lake la kawaida: muswada ulioidhinishwa ni mmoja, na kitabu kilichotoka mtamboni ni kingine. Idhini ni ya maandishi fulani yaliyo mbele ya msomaji kwa wakati fulani. Haiwezi kuhamia kwenye maandishi mengine.

Kweli mbili zinapozaa uongo

Kosa la nne halihitaji uchovu, usahaulifu wala hila. Watu wawili wafanye kazi njema, kila mmoja katika tawi lake. Kazi zao zikiunganishwa, zaweza kuzaa maandishi mabovu. Programu ya kuunganisha hutambua ugomvi pale tu mabadiliko mawili yanapogusa mistari ile ile au iliyopakana. Zaidi ya hapo huunganisha kimya kimya. Lugha yetu hulionyesha jambo hili wazi sana.

Tuchukue kijitabu cha maelezo ya mashine, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na wahariri wawili. Mwanzo wa sura pana sentensi, "Chombo hiki kiwekwe mahali pakavu." Katikati pana nyingine, "Kitufe chekundu kiko upande wa kulia." Mhariri wa kwanza anaona kwamba chombo ni neno pana mno. Katika tawi lake anaweka mtambo, na kwa uangalifu anabadili viambishi vyote: "Mtambo huu uwekwe mahali pakavu." Mhariri wa pili, katika tawi lake, ambamo neno bado ni chombo, anaongeza onyo mwishoni mwa sura, baada ya ile sentensi ya kitufe na mistari mingine michache: "Kisipowaka, kisiguswe kabla ya fundi kufika." Kazi ya kila mmoja ni safi. Wahakiki wawili wakisoma kurasa mbili za tofauti, wote wawili watasema, "Liingie," nao hawatakuwa wamekosea kwa waliyoyaona.

Mashine inaunganisha bila malalamiko, kwa kuwa mistari haigusani. Lakini ki- ya onyo imepoteza jina lake. Mtambo ni wa ngeli nyingine, na jina pekee lililobaki katika sura ile liwezalo kuipokea ki- ni kitufe. Onyo lililomkataza msomaji asiuguse mtambo mzima sasa linamkataza asikiguse kitufe, na mtambo wenye hitilafu umebaki bila onyo. Hakuna mtu aliyeiandika sentensi hii yenye maana hii. Imezaliwa na muungano.

Katika lugha isiyo na upatanisho wa kisarufi kama wetu kosa hili lingepatikana kwa nadra zaidi. Kwetu sisi jina moja likibadilika, hutikisa kivumishi, kiwakilishi na kitenzi, hata vilivyo kurasa mbali. Kwa hiyo msomaji wa mabadiliko ya Kiswahili hawezi kutosheka na mistari mitatu juu na mitatu chini. Lazima afungue sura nzima, tena aifungue baada ya kuunganisha, akaisome upya.

Hati ya mhakiki

Waandishi wa Linux wameyafikiria mambo haya kuliko wengi, nao wameandika maana ya saini ya mhakiki. Atiaye jina lake kuwa amelihakiki badiliko hutamka mambo manne. Kwanza, kwamba amelichunguza kwa jicho la fundi ili kupima kama lafaa na kama liko tayari. Pili, kwamba kila shaka, tatizo au swali alilokuwa nalo amemfikishia mwandishi, naye ameridhika na majibu. Tatu, kwamba ingawa huenda yapo ya kuboreshwa, anaamini badiliko lina manufaa kwa sasa na halina dosari ijulikanayo ambayo ingezuia liingie. Nne, kwamba pamoja na kuliona kuwa jema hatoi dhamana kwamba litafanya kazi sawasawa katika kila hali.

Hati hii yastahili kusomwa na wahakiki wa fasihi pia. Tamko la pili ndilo bora kwa maoni yangu, kwa kuwa linaharamisha kimya. Mhakiki aliyekuwa na shaka akainyamaza, ama kwa aibu ama kwa haraka, ameisaliti saini yake. Tamko la tatu nalo lina busara: halidai ukamilifu, na hivyo linamzuia mhakiki asiishike kazi ya mwenziwe mateka mpaka ifanane na ile ambayo angeiandika yeye. Tamko la nne ni la ukweli, maana hakuna msomaji awezaye kutoa dhamana ya hali ambazo hajaziona.

Lakini hati ina pengo. Matamko yote manne hayamtaki mhakiki aseme amesoma mpaka wapi. Aliyesoma ukurasa wa tofauti peke yake, aliyefungua faili zima, na aliyeiendesha programu na kuijaribu kwa pembejeo mbovu, wote watatu hutia saini ya namna moja. Anayekuja baada yao huona jina, akadhani kwamba jengo lote limekaguliwa, kumbe mmoja wao alichungulia dirishani. Katika makosa manne niliyoyaeleza, madhara yalitokea au yangeweza kutokea upande wa pili wa mpaka ambao msomaji hakuutaja, na pengine hakujua kwamba upo.

Wazee wa elimu walikuwa na dawa ya jambo hili. Wanavyuoni wa Kiislamu, ambao elimu yao ilikaa katika miji ya pwani yetu pamoja na hati za Kiarabu, walikuwa na desturi ya kuisoma nakala mpya huku wakiilinganisha na asili yake. Jina la kazi hiyo kwa Kiarabu ni la mzizi uliotupa sisi kabili na mkabala. Kikao cha kusoma kilipokwisha, waliandika pambizoni neno lenye maana ya kwamba ulinganishaji umefika hapa, neno la mzizi ule ule uliotupa kubaleghe. Aliyeichukua nakala ile baada ya miaka mia aliweza kuona kwa macho yake mahali usomaji ulipofika, na mahali ambapo pambizo ni tupu. Utupu huo nao ulikuwa maelezo.

Twahitaji alama ya namna hiyo katika kazi za leo, nayo haina gharama. Mhakiki aandike pamoja na saini yake mistari miwili au mitatu: nimesoma hiki, nimejaribu hiki, hiki sikukigusa. Maneno hayo hayampunguzii heshima. Yanampa anayefuata mahali pa kuanzia.

Kosa, swali na ladha

Limebaki jambo la adabu. Mhakiki ana mamlaka, na mamlaka hupenda kuita ladha yake sheria. Mwandishi akiandika "twasoma", naye mhakiki akaweka "tunasoma" na kuliita hilo sahihisho, hajasahihisha kitu. Amebadili sauti ya mtu. Nashauri kila neno la mhakiki liwekwe katika fungu lake waziwazi. Liko fungu la makosa, ambayo hayana budi kuondolewa. Liko fungu la maswali, ambayo hayana budi kujibiwa. Na liko fungu la ladha, ambalo mwandishi ana haki ya kulikataa bila kuulizwa sababu. Amri moja ya Git, inayoonyesha nani aliugusa mwisho kila mstari, imepewa kwa Kiingereza jina lenye maana ya lawama. Ni utani wa mafundi, lakini wenye kuitumia wangefanya vyema kukumbuka kwamba historia ya maandishi hutafutwa ili maandishi yaeleweke.

Historia ya lugha yetu yatupa sababu ya kulishika jambo hili kwa nguvu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilikuwa ikisoma miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha lugha yake. Ilifanya kazi kubwa, na kazi zake zilirithiwa mwaka 1964 na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Lakini lawama dhidi ya usanifishaji zimeandikwa mara nyingi, hasa na wenyeji wa pwani, kwamba Kiswahili cha wazawa kilipimwa kwa kipimo cha vitabu vya sarufi. Huenda lawama hizo ni za haki katika baadhi ya mambo na si za haki katika mengine. Ugumu ni kwamba msomaji akikishika leo kitabu kilichopita katika mikono ile, kitabu chenyewe hakimwambii neno lipi ni la mwandishi na lipi ni la msahihishaji. Idhini ilichapishwa, sababu hazikuchapishwa pamoja nayo.

Hali ya kamusi zetu haiko mbali na hiyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na matoleo mengine yakafuata mwaka 2004 na 2013. Mwanafunzi akiweka matoleo mawili mkabala, ataona fasili iliyobadilika, lakini ukurasa hautamwambia ilibadilishwa kwa ushahidi gani. Kamusi ya karatasi haina nafasi ya kueleza hayo yote. Ghala la kompyuta linayo. Yawezekana kila badiliko la fasili likabaki na jina la aliyelipendekeza, jina la aliyelipitisha, sababu yake, na mpaka wa usomaji wa mhakiki: kwamba aliitazama ngeli na wingi wake, kwamba aliyatafuta matumizi katika maandishi ya Mombasa na ya Unguja, na kwamba ya Bara hakuyapitia.

Kamusi iliyotunzwa hivyo haitakuwa na makosa machache kwa siku moja. Faida yake ni kwamba makosa yatakuwa na anwani. Atakayekuja kusahihisha ataijua kazi iliyokwisha fanywa, hatairudia, tena ataziona pambizo tupu zinazomngoja yeye. Kwa hiyo nalijibu swali nililoliweka mwanzo. Mhakiki anaposema "liingie", anathibitisha kile tu alichokisoma, kwa kadiri alivyokisoma. Asiyekitaja kiasi hicho amewaachia wenziwe wakikisie, nao kwa kawaida hukisia zaidi ya kilichokuwapo.